Jiwe la Arusi na Ng'ombe wa Baba

Neno ninalolileta mwezi huu litawaudhi vijana wengi, na wazazi si haba, na labda wenye maduka pia. Nawasihi mlisome mpaka mwisho, ndipo mnikasirikie.

Desturi mpya imeingia katika arusi zetu hapa Karatu. Zamani si za kale bwana arusi na bibi arusi walivishana pete mbili zisizo na pambo, za dhahabu kwa mwenye nacho, za fedha au za shaba kwa asiye nacho, naye mchungaji aliziombea zote sala moja. Sasa twaambiwa ya kwamba pete isiyo na jiwe si pete ya mtu aliyeendelea. Tena jiwe lenyewe sharti liwe almasi, na kama almasi haikupatikana, basi tanzanaiti. Binti wa Rhotia amwuliza mwenziwe wa Endabash, "Lako ni karati ngapi?" wala katika hao wawili hapana ajuaye karati ni kitu gani. Kijana wa Mangola auza vitunguu vya msimu mzima, wa Mbulumbulu auza ngano, wa Oldeani akopa juu ya kahawa isiyochumwa bado, ili kidole kimoja king'ae siku moja mbele ya mpiga picha.

Mimi sisemi ya kwamba jiwe ni dhambi. Katika kile kifuko cha kifuani cha Haruni yalipangwa mawe 12 ya thamani, wala Maandiko hayakuyaonea haya. Ninalosema ni hili: kununua jiwe usilolijua ni kununua gizani, na kulinunua kwa deni au kwa ng'ombe wa baba ni kumdhulumu yule yule mchumba unayetaka kumheshimu, maana deni hilo atalilipa yeye, kwa jembe, muda mrefu baada ya wageni kwenda zao.

Naandika kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu. Sitamtaja jina wala kijiji. Alinijia Jumamosi moja jioni, akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za arusi? Nimesikia mmekwisha kutangazwa kanisani mara mbili."

Hakujibu. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua mezani. Ndani mlikuwamo pete, na juu ya pete jiwe jeupe lenye ukubwa wa punje ya mbaazi, likimeta katika mwanga wa taa hata mtoto wangu akaacha kusoma. Akanieleza habari yake yote. Aliuza ng'ombe wawili wa babaye, akaongeza fedha alizokopa katika kikundi cha kuweka na kukopa, jumla shilingi 1,900,000. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno matamu aliyekutana naye kando ya barabara ya lami iendayo Ngorongoro. Yule bwana alimwambia ya kwamba almasi hiyo imetoka Mwadui kwa njia ya jamaa yake, ndiyo sababu ni rahisi. Kisha akalichukua jiwe akakwaruza kioo cha gari mbele ya macho yake, mstari ukaonekana. "Waona? Almasi peke yake ndiyo ikatayo kioo."

"Ukaomba risiti?"

"Sikuomba, Mwalimu. Aliniita ndugu."

Pete ilikuwa pana kidogo, naye akaipeleka kwa sonara huko Arusha ipunguzwe. Sonara alilitazama jiwe kwa kile kioo chake kidogo kikuzacho mara 10, akalipima kwa kifaa, akalitia katika mizani, akacheka, kisha akaona haya kwamba amecheka. Jiwe lile lilikuwa zirkonia, kitu kitengenezwacho kiwandani kwa wingi, ambacho thamani yake haifiki hata ya kuku wa mayai. Na dhahabu ya pete ilikuwa rangi tu juu ya shaba.

Basi, wasomaji, tuanzie hapo kwenye kioo cha gari, maana hila hii nimeisikia kwa watu zaidi ya mmoja. Wataalamu hupima ugumu wa mawe kwa kipimo alichokipanga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Almasi imesimama juu kabisa, namba 10. Kioo cha dirisha ni kama 5 na nusu. Kwa hiyo kila jiwe lipitalo hapo laweza kukwaruza kioo: zirkonia yaweza, kwa kuwa yapita 8, hata yale mawe meupe ya kwarzi mwokotayo mashambani yaweza, kwa kuwa ni 7. Mwenye kukuonyesha mkwaruzo wa kioo hajakuonyesha almasi. Amekuonyesha ya kwamba jiwe lake ni gumu kuliko dirisha, basi.

Ipo na hila ya pili, ambayo si ya walaghai bali ya wajinga, nayo ni nyundo. Watu husema almasi ya kweli haivunjiki hata ukiigonga. Uongo! Gumu la kukwaruzwa si lazima liwe gumu la kugongwa. Almasi ina njia zake za ndani ambazo hupasuka kwazo kama kuni kavu ipasukavyo kwa urefu wake, na wachongaji wa zamani waliitumia tabia hiyo kuikata. Ukiitia nyundoni utabaki na vumbi la ng'ombe wawili.

Na lile jina la Mwadui je? Mwadui ni mahali pa kweli, nchi ya Wasukuma, mkoa wa Shinyanga. Mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua hapo mwamba wa almasi ambao mdomo wake ni hekta 146, nao ni miongoni mwa mikubwa ya namna yake duniani. Mwamba wa namna hiyo huitwa kimbalaiti. Ulipanda kutoka chini sana, kilomita 150 na zaidi, ukizichukua almasi kama mto wa masika uchukuavyo magogo. Lakini mlima wetu wa Ngorongoro ni habari nyingine. Ni volkano kubwa ambayo kilele chake kilididimia zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, nacho kikatuachia lile bonde la wanyama. Hapana anayechimba almasi huko. Nalisikia kijana mmoja mnadani akiuza vipande ving'aavyo, eti vya kutoka shimoni Ngorongoro. Na watu wazima, wenye watoto shuleni, wakavigeuza-geuza mkononi kwa heshima.

Tena hata kama jiwe limetoka Mwadui kweli, au tanzanaiti limetoka Mererani kweli, bado kuna sheria. Jiwe ghafi, lisilochongwa, halinunuliwi wala haliuzwi na mtu asiye na leseni. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yasema hivyo, na tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani, na Arusha limo. Mererani yenyewe imezungushiwa ukuta wa kilomita 24 tangu mwaka 2018. Basi mtu akunong'onezapo ya kwamba jiwe lake "limepita pembeni," amekupa habari moja kati ya mbili: au yeye ni mwongo, na jiwe ni la bandia, au ni mkweli, na wewe umenunua kesi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisemi kila mchuuzi ni mwizi, maana nina jamaa wachuuzi. Nasema mchuuzi wa ndizi akikudanganya umepoteza chano kimoja.

Sasa nawageukia wale watakaosema, "Mwalimu, hayo ni ya mjinga mmoja. Sisi tutakwenda dukani, tutapewa risiti, tutanunua almasi ya kweli." Vema. Na tuyatazame hayo ya almasi ya kweli, kwa kuwa hapo ndipo penye ugomvi wangu hasa.

Kwanza mwasema ni desturi. Desturi ya nani, tena ya tangu lini? Ni kweli ya kwamba zamani wafalme wa Ulaya walipeana almasi. Husimuliwa ya kwamba mwaka 1477 Maximilian wa Austria alimpa mchumba wake Mary wa Burgundy pete yenye almasi. Lakini hao walikuwa wafalme. Mkulima wa Ulaya na mfua chuma wa Marekani walioa bila jiwe hilo, nao wakazaa wakalea. Mwaka 1938 kampuni kubwa ya almasi, De Beers, ilipoona biashara imelegea, iliajiri wakala wa matangazo huko Marekani aitwaye N. W. Ayer, kazi yake ikiwa kuwatia watu moyoni ya kwamba hakuna uchumba pasipo almasi. Mwaka 1947 mwanamke mmoja wa wakala huyo, Frances Gerety, akatunga maneno machache yenye maana kwamba almasi ni ya milele. Maneno hayo yakazunguka dunia. Baadaye matangazo yakawafundisha wanaume hata kiasi cha kutoa: mshahara wa miezi miwili. Namwuliza mkulima wa mbaazi wa Karatu, mwezi wako ni upi? Ule wa kupanda au ule wa palizi?

Mkitaka kuona desturi inavyotengenezwa kama tofali, tazameni Japani. Wajapani walikuwa na taratibu zao za arusi za karne nyingi, na almasi haikuwamo. Mwaka 1967 kampuni ile ilipoanza kutangaza kwao, wachumba waliopewa pete ya almasi hawakufika 5 katika 100. Mwaka 1981 walikuwa wapata 60 katika 100. Miaka 14 tu! Mtoto aliyezaliwa matangazo yalipoanza alikuwa bado shuleni, naye alidhani babu zake walioa hivyo.

Na tanzanaiti, ambalo ni letu wenyewe, lina umri gani? Liligunduliwa Mererani mwaka 1967, na jina lake lilipewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Kabla ya hapo hapana bibi arusi duniani aliyelitamani, kwa kuwa halikuwa na jina la kulitamania.

Sisemi haya kuwacheka Wazungu wala Wajapani. Kila taifa hudanganyika kwa namna yake, hata sisi. Lakini kijana anaponiambia, "Mwalimu, sina budi, ni desturi," nataka ajue ya kwamba desturi hiyo ilikaa mezani kwa mtu fulani, ikaandikwa, ikalipiwa mshahara.

Pili mwasema ni akiba. "Ng'ombe hufa, Mwalimu, jiwe halifi." Neno hili limewapoteza wengi, na wengine ni watu wenye akili. Dhahabu ni akiba, sikatai. Bei yake hutangazwa kila siku kwa gramu, na gramu moja ya dhahabu safi ni sawa na gramu nyingine. Almasi sivyo. Kila jiwe hukadiriwa peke yake, na bei uliyolipa dukani imebeba ndani yake kodi ya duka, ujira wa mchongaji, gharama za safari na matangazo yale niliyoyataja. Siku utakapotaka kuiuza, hayo yote hayarudi. Jaribuni neno moja tu. Ukiisha kukubaliana bei na muuzaji, kabla hujatoa fedha, mwambie kwa upole, "Bwana, nikikurudishia kesho asubuhi, utainunua kwangu kwa shilingi ngapi?" Kisha usiseme tena. Tazama uso wake.

Tena akiba hiyo ina adui mpya. Mwaka 1954 wataalamu wa General Electric huko Marekani walifaulu kuitengeneza almasi kwa joto na mgandamizo. Siku hizi viwanda, hasa vya China na India, vyakuza almasi nzuri za pete katika muda wa majuma machache. Hizo si zirkonia, tafadhali msichanganye. Ni almasi kweli kwa maumbile yake, na jicho haliwezi kuzitofautisha na zile za ardhini pasipo vyombo vya maabara. Bei yake imeshuka sana miaka hii ya karibuni. Aliyenunua juzi kwa bei ya juu leo akuna kichwa. Nami sioni aibu mtu kununua almasi ya kiwandani, mradi muuzaji aiite kwa jina lake na kuiuza kwa bei yake. Ubaya ni kuuziwa ya kiwandani kwa bei ya Mwadui.

Vijana hunitajia Saniniu Laizer, yule mchimbaji wa Simanjiro ambaye mwezi wa Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.2 na moja la kilo 5.1, akapata zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Nami nafurahi kwa ajili yake. Lakini angalieni kitenzi: Laizer aliuza. Wengine hunitajia Malkia Elizabeth. Ni kweli, jiwe zuri kupita yote ya Mwadui, la rangi ya waridi, liliokotwa mwaka 1947 likiwa na karati 54.5, Williamson akampa zawadi ya arusi Elizabeth alipokuwa bado binti mfalme, likachongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitia katika ua la kubandika kifuani. Lakini yeye alipewa. Hakuuza mtamba.

Haya, nimekwisha kupigana. Sasa acheni niwe mwalimu kidogo, kwa sababu najua wapo ambao wana fedha zao halali, hawana deni, nao wamekwisha kuazimia kununua. Sitawakataza. Ila waingie dukani wakijua.

Neno karati lina maana mbili, na katika maana hizo mbili wengi huzama. Karati ya jiwe ni uzito: karati 5 ni gramu 1. Karati ya dhahabu ni usafi: 24 ni dhahabu tupu, 18 ni sehemu 750 katika 1,000, na 9 ni sehemu 375 tu, zilizobaki ni shaba na fedha na kadhalika. Muuzaji akikuambia "hii ni karati 18" nawe ukafurahi kwa ukubwa wa jiwe, umekwisha. Tazama ndani ya pete upate chapa 750 au 585 au 375, na umwombe aipime mbele yako. Chapa peke yake haitoshi, kwa maana hata mlaghai ana nyundo. Lakini pasipo chapa wala mizani ondoka.

Jiwe lenyewe hutazamwa kwa mambo manne, yaani uzito, rangi, mawaa ya ndani, na uchongaji. Watu wetu huuliza uzito tu, kama wanunuao viazi. Kumbe kinachofanya almasi imete ni uchongaji. Jiwe dogo lililochongwa vizuri huupokea mwanga na kuurudisha juu kwa mtazamaji. Kubwa lililochongwa vibaya huumwaga chini, likawa kama barafu iliyotiwa vumbi. Mawaa yasiyoonekana pasipo kioo cha kukuzia hayamdhuru mvaaji. Na jueni siri moja ya bei: haiendi sawasawa na uzito. Jiwe la karati 1 huwa na bei kubwa kuliko mawili ya nusu karati yaliyo sawa nalo kwa mengine yote, kwa kuwa watu wanaitamani ile namba. Jiwe la karati 0.9 halina tofauti kwa jicho, lakini mfuko wako utaijua tofauti. Kwa jiwe la bei kubwa sharti pawe na hati ya maabara, yenye namba, na mambo hayo manne yameandikwa. Na risiti ya duka itaje ni jiwe gani, la asili au la kiwandani, lina uzito gani, na dhahabu ni ya usafi gani. Muuzaji akikataa kuandika alilolisema kwa kinywa, amekwisha kukujibu.

Kwa tanzanaiti nina la kuongeza. Mengi yao hutoka ardhini yakiwa na rangi ya hudhurungi, nayo hutiwa motoni ndipo yawe buluu; hilo si ulaghai, ni desturi ya kazi. Lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7 tu, tena likigongwa hupasuka. Ni jiwe la kidani au la kipuli. Kwenye kidole cha mwanamke anayelima ni kama kuvaa yai.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo halitajwi na matangazo yoyote, nalo ni mkono wenyewe. Matangazo yale yalipigwa picha kwa mikono isiyoshika kitu. Mkono wa mke wa mkulima wa Karatu hushika jembe, huchota maji, hupura maharage, hukamua ng'ombe, hufua, husonga ugali. Jiwe lililoinuliwa juu kwa vikucha vinne vyembamba litashika katika kila gunia, kila sweta, kila nywele za mtoto. Kikucha kimoja kikilegea, jiwe li ndani ya udongo mwekundu, wala hutalipata mpaka ufufuo. Tena almasi hupenda mafuta. Mafuta hugandamana nayo hata machimboni waliitumia tabia hiyo, wakipitisha mchanga na maji juu ya meza zilizopakwa grisi ili almasi zinase. Basi pete ya mwanamke anayekamua na kupika hufifia upesi, naye mume hudhani ameibiwa, kumbe yataka maji ya moto na sabuni na mswaki laini. Mkinunua, mwambieni sonara alizamishe jiwe ndani ya ukingo wa dhahabu pande zote, lilale chini. Halimeti sana, lakini litakuwapo.

Nami nashangaa jambo moja, mniruhusu nilitoe. Kule Mangola, karibu na Ziwa Eyasi, Wadatoga wahunzi huyeyusha kufuli kuukuu na koki za maji zilizovunjika kwa mivukuto ya ngozi, wakafua bangili na pete za shaba nyekundu na njano zenye michoro mizuri ajabu. Wageni wa Ulaya na Marekani, wenye uwezo wa kununua almasi, huenda mpaka huko katika vumbi kuzinunua, wakazivaa kwa fahari hadi kwao. Mama zetu wa Kiiraqw walitia ushanga katika sketi za ngozi za arusi, kazi ya miezi mingi, na leo sketi hizo hutazamwa kama vitu vya thamani. Sisi ndio tunaosimama barabarani tukinunua kwa mtu asiye na duka kitu kisicho na jina, kwa kuwa chaonekana cha kigeni! Mgeni apita akienda kutafuta chetu, nasi twapishana naye njiani tukitafuta cha kwake.

Wazazi, nanyi sitawaacha. Nimesikia katika vikao vya posa wajomba wakiuliza, "Pete ina jiwe?" kama waulizao juu ya mahari. Kijana asiyekuwa na fedha akiulizwa hivyo mbele ya watu 20 atajibu "Ndiyo, mjomba," kisha ataanza kuhesabu ng'ombe wa babaye usiku. Ulaghai wa barabarani huanzia sebuleni kwenu. Mngaliuliza, "Una deni?" tungalikuwa na arusi chache za fahari na nyumba nyingi zenye bati.

Mtaniuliza habari za yule mwanafunzi wangu. Polisi walipokea maneno yake, lakini mtu yule hakuonekana tena. Babaye alikasirika, na wazee wakaenda mara mbili kumtuliza. Tangazo la tatu lilisomwa kanisani kwa kuchelewa miezi mitano. Binti alipoelezwa yote alisema, nami nilikuwapo, "Mimi jiwe sikuliomba. Nani aliyekuambia ya kuwa nalitaka?" Naye kijana hakuwa na jibu, kwa sababu kwa kweli hapana aliyemwambia, alikuwa amesikia tu.

Walioana mwezi wa Septemba kwa pete mbili za fedha zisizo na pambo, zilizonunuliwa kwa sonara mwenye duka, kwa risiti. Ile ya zirkonia wameiweka kabatini. Watoto wa jirani hupewa waichezee. Deni la kikundi limebaki miezi minne.